Kindege Kinaruka kwa Hesabu

Kwenye skrini nyeusi ya simu kindege chekundu kinapaa, na nambari inapanda nacho: 1.00, 1.20, 1.75, 2.40. Ukibonyeza kitufe cha kutoa kabla hakijatoweka, dau lako linazidishwa kwa nambari unayoiona. Ukichelewa, umeliwa. Mchezo huu ni Aviator, uliotolewa mwaka 2019 na Spribe, kampuni yenye asili ya Georgia. Mitaani kwetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala, una wachezaji wengi mno, na wengi wao wanaamini kuna kipaji cha kujua wakati wa kutoa. Kipaji hicho hakipo, na watengenezaji wa mchezo wanalijua hilo vizuri.

Mchezo umetangazwa kuwa unarudisha asilimia 97 ya madau yote. Katika michezo ya aina hii hesabu ya kawaida ni fupi: uwezekano wa kindege kufika kizidishi fulani ni 0.97 kugawanya kwa kizidishi hicho. Kufika mara 2 ni asilimia 48.5. Kufika mara 10 ni asilimia 9.7. Mara 100 haifiki hata asilimia moja. Sasa mchukue mtu anayeweka Sh 500 kwa duru 100, jumla Sh 50,000. Akiwa na desturi ya kutoa kwenye 2, kwa wastani atapata duru 48.5 zenye malipo ya Sh 1,000 kila moja, yaani Sh 48,500. Akingoja 10, atapata duru 9.7 za Sh 5,000 kila moja: Sh 48,500 tena. Mwoga na jasiri wanalipa ada ileile. Tofauti yao ni kwamba mmoja anapoteza taratibu na mwingine kwa kishindo.

Asilimia 3 inasikika ndogo, na hapo ndipo watu wanapopotea. Haikatwi mara moja kwenye fedha uliyoingia nayo. Inakatwa kwenye kila dau, pamoja na madau yanayotoka kwenye ushindi wako mwenyewe. Tuseme duru moja, pamoja na muda wa kuweka dau, inachukua nusu dakika. Saa moja ina duru 120. Mchezo unaruhusu madau mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye kuweka Sh 500 mara mbili anazungusha Sh 120,000 kwa saa na kuacha, kwa wastani, Sh 3,600. Kwa saa tatu ni Sh 10,800. Huyu aliingia na elfu kumi tu, na hakuna duru hata moja aliyodhulumiwa.

Nasema hakudhulumiwa kwa sababu ndivyo ilivyo. Matokeo ya duru hutokana na kuchanganya nambari ya siri ya seva na nambari kutoka kwa wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, na baada ya duru mtu anaweza kuyahakiki. Kindege kinapoanza kupaa, mwisho wake umeshapangwa. Kwa hiyo wale wanaouza “utabiri” wa kindege kwenye Telegram na WhatsApp ni matapeli, wote bila kumbakiza hata mmoja.

Kama hesabu ni rahisi hivi, kwa nini mtu mwenye akili timamu akeshe nayo? Ndipo tunapofika kwenye kazi halisi ya mtengenezaji. Juu ya skrini ameweka safu ya matokeo ya duru zilizopita, ambayo haisaidii kutabiri chochote lakini inayaalika macho yatafute mpangilio. Pembeni ameweka orodha ya wanaocheza sasa hivi na walichotoa, ili hata ukishindwa ujione umezungukwa na washindi. Kitufe cha kutoa nacho kinakupa hisia kwamba uamuzi ni wako. Mwanasaikolojia wa Marekani Ellen Langer alieleza jambo hili mwaka 1975: mtu akipewa nafasi ya kuchagua katika mchezo wa bahati tupu, huanza kujiamini kana kwamba ni mchezo wa ustadi. Na ukishatoa kwenye 1.80, kindege hakifichwi. Unaachwa ukitazame kikifika 6, kisha 9. Umeshinda, na bado unaondoka na majuto yanayokusukuma kwenye duru inayofuata.

Hisia inayofanana na majuto hayo imepimwa maabarani. Mwaka 2009 mtafiti Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kukosa ushindi kwa kidogo tu huamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi, na huongeza hamu ya kuendelea, ingawa watu wenyewe husema hawakufurahia. Katika utafiti wa 2003 uliofanywa kwa kima, mtafiti Wolfram Schultz na wenzake waliona seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na tuzo, zikizidi kuchangamka katika muda wa kusubiri tuzo isiyo na uhakika, hasa pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Kumbuka ile asilimia 48.5.

Mashine za kamari za magurudumu, yaani sloti, zilitangulia kwenye ufundi huu. Mashine za kwanza za San Francisco, mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na magurudumu ya chuma ambayo idadi ya alama zake ilipanga uwezekano. Mwaka 1984 Inge Telnaes, mwanahisabati wa Norway, alipata hataza ya Marekani iliyoiachia kompyuta kuchagua alama, gurudumu likibaki kuonyesha tu. Tangu hapo jicho linaona kitu kimoja na hesabu inafanya kingine. Mashine za sasa zina mistari mingi ya kubeti kwa mzunguko mmoja: unaweka 100, unarudishiwa 30, na taa na muziki vinakupongeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipima jasho la ngozi za wachezaji mwaka 2010 wakakuta mwili unaipokea hasara hiyo kama ushindi.

Uingereza ilichukua matokeo kama haya ikayafanya sheria. Tangu Oktoba 2021, mzunguko wa magurudumu mtandaoni hauruhusiwi kuwa chini ya sekunde 2.5, kucheza kwa otomatiki ni marufuku, hasara haipigiwi shangwe, na skrini lazima imwonyeshe mchezaji muda aliotumia na fedha aliyopoteza. Mwaka 2025 iliweka kima cha chini cha sekunde 5 kwa duru ya michezo mingine mingi ya kasino mtandaoni, na kikomo cha dau cha pauni 5 kwa mzunguko wa magurudumu, pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24.

Kwetu mjadala wa kamari bado unazunguka kodi, matangazo na tabia ya vijana. Vijana wanahubiriwa wajizuie mbele ya kifaa kilichotengenezwa makusudi ili wasijizuie. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania na mamlaka ya kamari ya Kenya ndizo zinazotoa leseni, na leseni inaweza kubeba masharti ya usanifu: sekunde ngapi kati ya dau na dau, dau moja kwa duru badala ya mawili, orodha ya washindi iondolewe, jumla ya hasara ikae juu ya skrini mahali ilipo safu ya matokeo. Kwa mwenye programu ni mabadiliko ya mistari michache ya msimbo. Tuyadai sasa, kwa majina yake, sharti moja baada ya jingine.