Utumbo mpana mrefu na tatizo la kufunga choo

Ndugu msomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo wengi huona haya kulitaja hata mbele ya daktari, nalo ni kufunga choo. Mtu akiumwa kichwa atasema hadharani. Akiumwa jino nyumba nzima itajua. Lakini mtu anaweza kukaa siku tano bila kwenda haja kubwa, tumbo limejaa na chakula hakimpendezi, asimwambie hata mwenzake wa ndoa.

Tuchukue mfano wa baba mmoja wa familia, kama walivyo wengi wanaofika hospitalini. Tangu ujana wake alipata choo mara moja au mbili kwa wiki, tena kwa kujikamua sana. Alizoea. Tumbo likijaa gesi alikunywa sanamaki, na isipofaa aliongeza kipimo. Wengine walimwambia ni chango, wengine ngiri. Hakuwahi kupimwa. Alipofika umri wa miaka hamsini na kitu, jioni moja tumbo lilianza kumsokota kwa nguvu. Kufikia usiku wa manane lilikuwa limevimba kama ngoma, na hakupata choo wala kujamba. Ndugu walisema kalishwa kitu. Walimpiga bomba la maji ya dawa za majani, maumivu yakazidi. Alifikishwa hospitali siku ya pili mchana, na madaktari walipompasua walikuta sehemu ya utumbo imejisokota na kuoza. Walikata kipande hicho. Alipona, lakini kwa miezi kadhaa choo chake kilitokea kwenye tundu lililofanywa ubavuni mwa tumbo, kikipokelewa na mfuko.

Hapo ndipo yeye na mkewe walipoelezwa kwamba alikuwa na utumbo mpana mrefu kuliko kawaida. Laiti angelijua mapema, usiku ule asingeusubiri upite.

Utumbo mpana ni nini?

Chakula kikitoka tumboni huingia kwanza katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima hufikia kama mita 6. Humo ndimo virutubisho vingi hufyonzwa na kuingia katika damu. Mabaki huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita moja na nusu. Utumbo huu huanzia upande wa kulia chini ya tumbo, hupanda juu, huvuka kwenda kushoto, kisha hushuka. Kipande chake cha mwisho kimepinda mfano wa herufi S, na baada yake ipo puru, mahali choo hukusanyika kabla ya kutoka.

Kazi moja kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji yaliyobaki. Mabaki huingia yakiwa majimaji kama uji, na kadiri yanavyosogea ndivyo yanavyokauka. Yakipita kwa wakati wake, choo hutoka laini. Yakichelewa, maji huendelea kufyonzwa, choo kikawa kigumu kama kinyesi cha mbuzi.

Watu hawalingani urefu wa miguu wala wa pua, na utumbo ni vivyo hivyo. Wapo ambao utumbo wao mpana ni mrefu kupita kiasi, na kwa kuwa nafasi ya tumbo ni ile ile, hulazimika kujikunja na kufanya vitanzi. Mara nyingi sehemu iliyorefuka ni ile ya herufi S. Wengine huzaliwa hivyo. Kwa wengine huongezeka urefu na upana jinsi miaka inavyopita. Si laana, si kurogwa, wala haitokani na kosa la mama alipokuwa mjamzito.

Tena hali hii si ugonjwa kwa yenyewe. Wapo wengi wenye utumbo mrefu wasiosumbuka hata siku moja, na hugundulika kwa bahati tu wanapopigwa picha ya eksirei kwa sababu nyingine. Lakini kwa baadhi yao safari ya choo huwa ndefu na yenye kona nyingi, na hapo ndipo kufunga choo, gesi na tumbo kujaa huanza.

Nitajuaje kama nimefunga choo?

Si lazima kila mtu aende haja kubwa kila siku. Kwenda mara tatu kwa siku ni kawaida, na kwenda mara tatu kwa wiki pia ni kawaida, mradi choo ni laini na hutoki jasho kukisukuma. Tunasema mtu amefunga choo ikiwa anakwenda chini ya mara tatu kwa wiki, au choo ni kigumu, au anajikamua sana, au anabaki akihisi hakikuisha. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, huwa ni ya kudumu.

Kujikamua kila siku kuna madhara yake. Huleta bawasiri na mpasuko kwenye njia ya haja kubwa, ambao huuma vikali na kutoa damu. Mtu akiogopa maumivu hujizuia, choo kikazidi kukauka, na safari inayofuata ikawa mbaya zaidi.

Hata hivyo, usijiambie kwamba una utumbo mrefu kabla ya kupimwa. Choo hufungwa kwa sababu nyingi: upungufu wa maji na mboga, kukaa kutwa bila kutembea, vidonge vya kuongeza damu, baadhi ya dawa kali za maumivu, ugonjwa wa kisukari, tezi ya shingoni kufanya kazi kidogo, na uvimbe ndani ya utumbo. Daktari atakuuliza maswali, atakupima tumbo na njia ya haja kubwa, na akiona haja atakupeleka kupigwa picha au kuchunguzwa utumbo kwa kipimo chenye kamera. Mjibu bila kuficha. Yeye amezoea maswali hayo.

Jinsi ya kuishi na utumbo mrefu

Hakuna dawa ya kuufupisha utumbo. Upasuaji wa kuukata kwa ajili ya kufunga choo peke yake hufanywa kwa nadra, baada ya njia nyingine zote kushindwa. Walio wengi huishi vizuri kwa kufuata mambo machache kila siku.

1. Chakula chenye makapi. Makapi, ambayo wengine huyaita nyuzinyuzi, ni sehemu ya mimea isiyosagika tumboni. Huvuta maji na kukifanya choo kiwe kingi na laini. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda hadi mwaka 1966, alilichunguza jambo hili. Mwaka 1972 yeye na wenzake walieleza kwamba chakula cha wanavijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa muda wa kama siku moja na nusu, ilhali kwa Waingereza waliowapima kilichukua zaidi ya siku tatu. Leo wengi wetu tumeacha dona tukapenda sembe nyeupe, na mkate mweupe umechukua nafasi ya viazi vitamu na mihogo asubuhi. Rudisha dona, uji wa ulezi au mtama, maharage, kunde, mchicha, matembele, kisamvu, papai, embe na machungwa yanayoliwa pamoja na nyama yake.

Lakini hapa pana tahadhari. Mwenye utumbo mrefu akila makapi mengi kwa ghafla, tumbo linaweza kumjaa gesi na kumuuma zaidi. Ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa. Chakula kinachokujaza kupita kiasi, kipunguze. Ikiwa umeongeza makapi na choo kimezidi kufunga, mwone daktari, usiendelee kulazimisha.

2. Maji. Makapi bila maji hugeuka kuwa donge. Mtu mzima anywe kama glasi 8 kwa siku, na zaidi wakati wa joto au kazi za shamba. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amwulize daktari kwanza. Wengi wetu hatunywi maji tukiwa na safari ya basi kwa kuogopa kutafuta choo njiani. Safari ya siku moja kama hiyo inaweza kumgharimu mwenye tatizo hili wiki nzima.

3. Saa maalumu. Utumbo mpana huamka baada ya kula, hasa asubuhi. Baada ya chai au uji, nenda chooni ukae dakika tano hadi kumi bila haraka, hata kama hujahisi haja. Na haja ikikuita wakati mwingine, usiiambie ingoje.

4. Namna ya kukaa. Kuchuchumaa hunyoosha njia ya choo, hivyo choo cha shimo kina faida yake. Anayetumia choo cha kukalia aweke miguu juu ya kigoda kifupi, magoti yapande juu ya kiuno, ainame mbele kidogo.

5. Kutembea. Mwendo wa nusu saa kila siku husaidia utumbo kusukuma. Anayekaa dukani au ofisini kutwa ajitafutie muda huo.

6. Dawa. Zipo dawa za kulainisha choo ambazo mtu anaweza kutumia kwa muda mrefu chini ya uangalizi, kama laktulosi, au maganda ya isabgol yanayonywewa na maji mengi. Sanamaki hufaa kwa kipimo kidogo kama daktari ameridhia. Lakini kunywa shubiri, mafuta ya nyonyo au sanamaki kali kila mara ili tumbo liharishe huleta msokoto na kupoteza maji na chumvi za mwili. Usijipige bomba la majani au la sabuni. Linaweza kuunguza utumbo au hata kuutoboa.

Watoto, wajawazito na wazee

Mtoto anayerudi nyumbani mbio moja kwa moja chooni huenda alijizuia kutwa kwa sababu choo cha shule ni kichafu au hakina mlango. Wazazi waulize, na kamati za shule zishughulike. Mtoto mwenye choo kigumu asichapwe akichafua nguo, kwani mara nyingi choo laini huvuja pembeni ya donge bila yeye kujua. Na mtoto mchanga ambaye hakupata choo cha kwanza ndani ya siku mbili baada ya kuzaliwa, au ambaye tumbo lake huvimba na choo chake ni shida tangu siku zile, apelekwe hospitali. Yupo anayezaliwa na sehemu ya utumbo isiyo na neva, na huyo husaidiwa kwa upasuaji.

Mama mjamzito akifungwa choo na vidonge vya kuongeza damu asivitupe. Aseme kliniki, apewe ushauri. Wazee nao wasiachwe kwa kudhaniwa kwamba ni umri tu. Mtu mzima ambaye choo chake kimebadilika ghafla, au ana damu kwenye choo, au anakonda, au amepungukiwa damu, apimwe mapema, maana hizo zinaweza kuwa dalili za saratani ya utumbo mpana.

Utumbo unapojisokota

Sasa tumrudie yule baba. Kitanzi kirefu cha utumbo kinaning'inia kwenye utando wenye mishipa ya damu. Kikijaa choo na gesi kinaweza kujizungusha, kama kamba inavyojisokota. Njia hufungwa mbele na nyuma, damu haipiti, na utumbo huanza kufa ndani ya saa chache. Jambo hili hutokea sana katika nchi za Afrika, ikiwemo Afrika Mashariki yetu, na huwapata wanaume kuliko wanawake.

Dalili zake ni hizi:

- maumivu ya msokoto yanayokuja kwa ghafla;
- tumbo kuvimba haraka na kukaza;
- kutopata choo wala kujamba kabisa;
- kichefuchefu na kutapika, ambako huweza kuchelewa.

Ukiziona, usimpe mgonjwa chakula, dawa ya kuharisha, wala bomba. Usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali yenye upasuaji usiku huo huo. Akiwahi, mara nyingi madaktari huweza kuunyoosha utumbo kwa kupitisha mpira maalumu au kipimo cha kamera kwenye njia ya haja kubwa, bila kumpasua siku hiyo. Lakini asiridhike akakimbilia nyumbani, kwa sababu mara nyingi hujirudia. Daktari akimshauri arudi kukatwa kipande kile kirefu, arudi akiwa bado na nguvu. Upasuaji uliopangwa una usalama mkubwa kuliko ule wa dharura.

Ndugu msomaji, wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kama nyumbani mwako yupo anayeteseka na tumbo kimyakimya, leo jioni mwulize kwa upole. Na kama ni wewe, mwambie mwenzako, kisha nenda zahanati ukaanzie hapo.