Protini Moja, Nambari Mbili: Tafuta kwa Makini Katika Hazina ya Mtandao

Hivi majuzi baba mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa amembeba mwanawe wa miaka saba. Mtoto alikuwa akilia kwa maumivu ya mifupa. Ana ugonjwa wa selimundu na nimemtibu tangu akiwa mchanga. Nilipouliza kama bado anameza haidroksiyurea kila siku, baba alinyamaza, kisha akatoa karatasi mbili mfukoni.

"Daktari, nimemwachisha dawa kwa majuma matatu," akasema. "Ripoti ya maabara inasema kasoro iko katika nafasi ya 6. Mimi nimetafuta mwenyewe katika mtandao, nikaona ni nafasi ya 7. Nikajua mtoto alipimwa vibaya."

Msomaji, huyo hakuwa mzazi mzembe. Alitaka kuuelewa ugonjwa wa mwanawe, jambo ambalo kila daktari angefurahia. Tena karatasi zote mbili zilikuwa sahihi! Kwa kuwa wengi wenu siku hizi mnatafuta habari za afya katika simu na tarakilishi, ni vyema tuelezane jinsi hazina aliyoingia baba huyu inavyofanya kazi.

Protini ni nini? Usifikirie maharagwe na mayai pekee. Mwili wako hutengeneza maelfu ya protini, na kila moja ni kama mkufu wenye shanga zilizopangwa kwa utaratibu maalumu. Shanga hizo huitwa asidi za amino. Himoglobini, ambayo hubeba hewa ya oksijeni katika damu, ni protini. Shanga moja tu ikibadilishwa, mtu anaweza kuugua maisha yake yote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka wa 1965, Mmarekani Margaret Dayhoff na wenzake walichapisha kitabu kilichokusanya protini ambazo mpangilio wake ulikuwa umejulikana. Mwaka wa 1986, Amos Bairoch alianzisha hazina ya Swiss-Prot mjini Geneva, Uswisi. Mwaka wa 2002, taasisi za Uswisi, Uingereza na Marekani ziliunganisha hazina zao zikaunda UniProt. Mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo.

Shida ni kwamba hazina hiyo ni kubwa mno. Ukiandika jina la himoglobini peke yake, utamwagiwa maelfu ya majibu: ya binadamu, ya samaki, ya ndege, na hata ya protini nyingine ambazo zimetajwa pamoja nayo. Himoglobini beta ya sokwe ina mpangilio sawa kabisa na yetu, kwa hiyo ni rahisi kuangukia ukurasa usio wako.

Ndiyo sababu kuna chombo cha utafutaji wa kina, ambacho hufanya kazi kama chujio la chai. Badala ya kuandika neno moja, unajaza visanduku. Cha kwanza, jina la jeni: hapa ni HBB. Cha pili, kiumbe: binadamu, ambaye nambari yake katika hazina hiyo ni 9606. Cha tatu, chagua kurasa zilizokaguliwa na wataalamu. Kurasa hizo ni zaidi ya 570,000. Mamilioni ya nyingine zimeandaliwa na tarakilishi bila kusomwa na mtu. Visanduku huunganishwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "na", "au" na "isipokuwa". Ukiweka "au" mahali pa "na", chujio lako limetoboka.

Ukichuja hivyo utafika kwenye ukurasa wenye nambari P68871, himoglobini beta ya binadamu. Hapo utaona mkufu wa shanga 147. Utaona pia orodha ya mabadiliko yanayojulikana, likiwemo la selimundu: asidi ya glutamiki imeondolewa na valini ikakaa mahali pake, katika nafasi ya 7.

Basi 6 ilitoka wapi? Mwili unapoanza kutengeneza mkufu huu, shanga ya kwanza huwa ni methionini. Baadaye shanga hiyo hukatwa, zikabaki 146. Vernon Ingram, aliyeigundua kasoro hii huko Cambridge, Uingereza, na kuitangaza mwaka wa 1957, alikuwa akichunguza protini iliyotoka katika damu, ambayo methionini yake imekwisha kuondolewa. Kwa hesabu hiyo, valini iko nafasi ya 6. Hazina huhesabu tangu methionini, ikapata 7. Shanga ni ile ile na ugonjwa ni ule ule!

Nilipomchorea baba huyo mkufu kwenye karatasi, alishika kichwa. Mtoto alilazwa, akapewa maji na dawa za maumivu, na siku ya nne akarudi nyumbani. Dawa yake amerudishiwa. Haidroksiyurea hupunguza vipindi vya maumivu, lakini ni lazima imezwe kila siku na damu ipimwe mara kwa mara.

Mzazi, kumbuka haya. Hazina ya protini iliundwa kwa ajili ya watafiti na haiwezi kumpima mtoto wako. Selimundu huthibitishwa kwa kupima himoglobini katika maabara. Ikiwa wewe na mwenzako mmebeba chembe hiyo, yaani nyote ni AS, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto mgonjwa. Wenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako malaria imeishi na watu kwa muda mrefu, wana sababu zaidi ya kupimwa.

Soma na utafute, na ukipata jambo lisilolingana na uliloambiwa hospitalini, lichapishe umletee daktari wako. Kuuliza si ujinga. Lakini hadi upate jibu, usimwachishe mtoto dawa.