Nani Atafunga Tawi Leo?

Saa kumi alasiri mlinzi wa benki husogeza geti la chuma hadi nusu, asiruhusu mtu mwingine kuingia. Anayepita barabarani hudhani kazi imekwisha. Ndani ndiyo kwanza inaanza ile sehemu ya siku ambayo wafanyakazi wenye watoto huiogopa. Keshia anatoa fedha zote kwenye droo, anazipanga kwa thamani yake, anazipitisha kwenye mashine, anafunga mabunda ya noti mia mia, kisha analinganisha jumla yake na ile iliyo kwenye kompyuta. Zikilingana, amebalansi. Zikipungua elfu hamsini, amepata shoti, na hapo habari ya kuwahi nyumbani imekufa. Vocha za siku nzima zinarudiwa moja baada ya nyingine: nani alihesabiwa noti ya ziada, nani aliandikiwa laki mbili ilhali alileta laki na nusu. Simu ya keshia huyo, iliyofungiwa kabatini tangu asubuhi, imeshapigwa mara kadhaa na dada wa kazi.

Chanzo cha shoti kikipatikana, bado kuna hazina. Chumba cha fedha hakifunguliwi wala hakifungwi na mtu mmoja. Ufunguo mmoja uko kwa huyu, wa pili au namba za siri ziko kwa yule, na utaratibu huo utaukuta karibu kila benki duniani, kwa sababu moja tu: asiwepo mtu anayeweza kuingia peke yake. Kwa hiyo keshia mkuu ambaye mwanawe ameamka na homa saa kumi na moja alfajiri hawazi zahanati tu. Anawaza pia kwamba asipofika kwa wakati, au asipompata mtu wa kumkabidhi ufunguo kwa maandishi, madirisha yote ya tawi lake yataanza siku bila hata senti.

Nimeanzia hapo makusudi. Tukizungumzia kazi ya benki na malezi, mjadala hukimbilia likizo ya uzazi, na kwa hilo sheria zetu za Tanzania zina cha kuonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Marekebisho ya mwaka 2025 yakamkumbuka pia aliyejifungua mtoto njiti. Akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba amepewa siku tatu, naye sharti azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Lakini mtu anayeanza kazi benki akiwa na miaka 25 na kustaafu akiwa na 60 ana miaka 35 ya ajira. Hata akijifungua mara nne, ambazo ndizo mwajiri analazimika kumlipia, likizo hizo zote hazifiki mwaka mmoja. Iliyobaki ni miaka 34 ya kutafuta nani atafunga tawi leo.

Chukua hizo saa mbili za kunyonyesha. Mama anaishi Mbagala, kazi yake iko Posta, jijini Dar es Salaam. Safari ya kwenda na kurudi inazimaliza saa zote mbili kabla mtoto hajatia ziwa mdomoni. Kinachofanyika ni kuziunganisha, ili mama aondoke mapema, saa tisa au kabla. Hapo ndipo dirisha linapogoma, maana fedha zinahesabiwa baada ya saa kumi, na aliyezishika ndiye anayezihesabu. Mameneja wenye akili hulimaliza hili kwa njia nyepesi: kwa miezi hiyo wanamtoa mama kwenye fedha taslimu na kumweka kwenye meza ya kufungua akaunti, au kwenye mikopo, ambako kazi isiyokwisha leo inalala hadi kesho bila kuleta kesi. Dawa ni nzuri, ila ina sumu yake. Wapo wanaohamishiwa meza hiyo kwa miezi sita wakajikuta bado wako hapo mwaka wa nne, huku wenzao waliobaki kwenye shughuli za fedha wamepandishwa cheo. Mama anayekubali mpango wa namna hii aombe barua yenye tarehe mbili, ya kuanza na ya kurudi. Ahadi ya mdomo huondoka na meneja siku anayohamishwa.

Kitu kimoja ambacho benki hufanya vizuri kuliko waajiri wengi ni kumlazimisha mtu kwenda likizo. Sheria inatoa siku 28 kwa mwaka, lakini kwenye ofisi nyingi nyingine siku hizo huishia kukatwakatwa au kuuzwa. Benki hung'ang'ania uondoke, tena kwa siku nyingi mfululizo, na nywila yako ifungwe usiingie hata kwa simu. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Wizi wa ndani mara nyingi unamhitaji mwizi awepo kila siku, apokee malalamiko mwenyewe na kufunika pengo la jana kwa fedha za leo. Akiondoka wiki mbili, mwenzake aliyekaa kwenye kiti chake ataona maajabu. Sababu ni ya polisi, faida ni ya familia. Mwenye watoto wa shule anachotakiwa ni kuwahi ratiba inapopangwa mwanzoni mwa mwaka, ajiandike Juni. Desemba inagombaniwa na kila mtu, na walio kwenye uhasibu hawaipati kirahisi kwa sababu hesabu za mwaka zinafungwa tarehe 31.

Sasa tuje kwenye uhamisho, ambao kwa maoni yangu umevunja safari nyingi za kazi kuliko mimba zote.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mabenki binafsi yalitaifishwa, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, yenye matawi hadi wilayani. Meneja aliyepelekwa Kigoma au Songea enzi hizo alikwenda na familia yake, akapokewa na nyumba ya benki, na mkewe akiwa mwalimu alitafutiwa shule kwa kuwa mwajiri wao wote wawili, ukifuata mizizi, alikuwa serikali. Haukuwa utaratibu wa kumuuliza mtu anataka nini, lakini ulijua kwamba mtu ana nyumba. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, NMB ikatokea humo, na ubinafsishaji ukafuata. Nyumba zikageuka posho. Mwenza naye siku hizi ana ajira yake, pengine benki nyingine kabisa, na hakuna mwajiri wa pamoja wa kuandikiwa barua.

Kwa hiyo cheo cha umeneja wa tawi, ambacho ndicho mlango wa kupandia, mara nyingi huja na jina la mji ulio mbali. Ofisa wa makao makuu Dar es Salaam anaambiwa: umefaulu, unakwenda Sumbawanga. Ana mtoto darasa la saba anayesubiri mtihani wa taifa Septemba. Mume ana duka Kariakoo. Mwanamume akipewa barua hiyo, jamii hudhani mke ataangalia nyumba. Mwanamke akipewa, ukoo mzima unaitisha kikao. Anayekataa mara moja huambiwa hana ari. Akikataa mara ya pili, jina lake haliitwi tena. Benki inayotaka kubaki na watu wake ingeweza kusema mapema mambo mawili: unakwenda kwa muda gani, na ukimaliza unarudi wapi. Miaka miwili yenye mwisho unaojulikana familia nyingi huivumilia. Kisichovumilika ni kuondoka bila kujua.

Jambo jingine halisemwi siku ya kupongezana. Kikomo cha saa 45 za kazi kwa wiki, pamoja na malipo ya saa za ziada, kimewekwa kwa mfanyakazi wa kawaida. Anayewasimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, sheria hiyo hiyo ya ajira inamwacha nje ya kinga hiyo. Yaani siku unayoanza kupokea mshahara mkubwa ndiyo siku muda wako unapokoma kuhesabiwa. Simu ya king'ora cha tawi kulia saa nane usiku nayo ni yako.

Pamoja na hayo watu hukaa. Kwa nini? Waulize pembeni, hawatakutajia maadili ya kampuni yaliyobandikwa kwenye lifti. Watakutajia mkopo wa nyumba. Mfanyakazi wa benki hukopeshwa kwa riba iliyo chini sana ya ile anayotozwa mteja, na akiacha kazi deni lililobaki huhamia kwenye riba ya soko. Ongeza kadi ya bima ya afya ya mwenza na watoto. Mtu aliyejenga Bunju kwa mkopo wa aina hiyo anafikiri mara saba kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, na mabenki yanalijua hilo. Sioni ubaya wa kunufaika na mkopo huo, mradi usiuchukue wote katika mwaka wa kwanza unapofunguliwa mlango. Deni la miaka ishirini linakunyima ujasiri wa kukataa uhamisho wa miaka miwili.

Tena safari ndefu ya kazi si lazima iwe ndani ya benki moja. Ni kweli Charles Kimei aliongoza benki ya CRDB kwa miaka 20, kuanzia 1998 hadi 2018. Lakini aliyempokea kiti, Abdulmajid Nsekela, aliwahi kufanya kazi CRDB, akahamia NMB, kisha akarejea akiwa mkurugenzi mtendaji. Ruth Zaipuna alipitia ukaguzi wa hesabu na Standard Chartered kabla ya kuingia NMB kama ofisa mkuu wa fedha mwaka 2018. Kufikia 2020 alikuwa anaiongoza. Wapo pia wanaokaa mahali pamoja: Nairobi, Nasim Devji alishika uongozi wa benki ya Diamond Trust mwaka 2001 akakaa hapo zaidi ya miongo miwili. Wengi wa hawa walibeba ujuzi unaotambulika popote, si uzoefu wa kaunta moja.

Hilo lina uzito zaidi sasa. Tangu Benki Kuu ya Tanzania itoe mwongozo wa uwakala mwaka 2013, kazi iliyokuwa ya dirishani imekwenda kwenye vibanda vya mitaani, na nyingine imeingia kwenye simu. Ile foleni ya walimu mwisho wa mwezi, iliyokuwa ikizunguka tawi la wilaya hadi kwenye miti, imepungua sana. Aliyejificha kwenye kiti tulivu kwa ajili ya watoto anaweza kukuta kiti chenyewe kimeondolewa. Ndiyo maana mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, Mei na Novemba, inakaliwa na kina mama wanaosoma usiku watoto wakiwa wamelala. Maeneo ya ukaguzi wa ndani, vihatarishi na uchambuzi wa mikopo yana mishahara mizuri na hayana ufunguo wa hazina.

Ratiba yote hii, lakini, imesimama juu ya mtu mmoja ambaye benki haimjui: dada wa kazi. Yeye ndiye anayempeleka mtoto kwenye basi la shule alfajiri na kumpokea jioni shoti ikitafutwa. Wapo mabosi wa benki wanaojua kwa kichwa siku zao 28 za likizo na hawajawahi kumhesabia dada hata moja, ingawa naye ni mwajiriwa, na baadhi ya madada hao wana watoto waliowaacha kwa bibi huko Singida au Iringa.

Vyama vya wafanyakazi vya TUICO na FIBUCA huketi na mabenki kujadili mikataba ya hali bora, na kama ilivyo ada, nyongeza ya mshahara inakula sehemu kubwa ya kikao. Yapo mambo matatu yenye gharama ndogo yanayostahili kuingia kwenye mikataba hiyo. Kila tawi liwe na mtu wa tatu aliyefunzwa na kuidhinishwa kushika ufunguo, ili homa ya mtoto isisimamishe huduma. Barua ya uhamisho itaje muda na itoke kabla shule hazijafungua. Na siku za baba ziongezwe: Kenya imetoa wiki mbili tangu sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, na baba akikaa nyumbani wiki mbili anajua vizuri zaidi kwa nini mkewe, keshia wa benki ya jirani, anaomba kubadilishana zamu ya kufunga.