Ukinunua duka na mali yake, chunguza neno 'thamani'

WAFANYABIASHARA wengi wanaonunua duka la pembejeo, ghala la nafaka au kampuni ndogo huwa makini sana katika kupatana bei ya fremu, rafu na jina la biashara. Likija suala la bidhaa zilizomo ndani, mkataba hutosheka na mstari mmoja: "pamoja na mali yote iliyopo, kwa thamani yake." Mstari huo ndio unaozaa ugomvi.

Thamani ya mali ghalani si moja. Kuna bei aliyonunulia muuzaji, kuna bei ya rejareja anayouzia, kuna bei ya jumla ya leo, na kuna kiasi kinachobaki mkononi baada ya kuuza na kutoa gharama za kuuzia. Kila upande utashika ile inayoufaa.

Tuchukue mfano wa mbolea. Mwaka 2022 bei yake ilipanda duniani kote, vita vya Ukraine vikiwa moja ya sababu, na mwaka 2023 ikashuka. Aliyejaza ghala bei ikiwa juu alibaki na mzigo wa gharama kubwa. Tuseme muuzaji ana mifuko 100 ya urea aliyonunua kwa Sh120,000 kila mmoja, na leo mfuko unauzika kwa Sh90,000, ambapo Sh2,000 zinakwenda kwa wapakiaji na usafiri. Mkataba ukisema "kwa bei ya kununulia", mnunuzi atatoa Sh12 milioni. Ukisema "kwa bei ya kununulia au kiasi kinachobaki baada ya kuuza, chochote kilicho kidogo", atatoa Sh8.8 milioni. Ni Sh3.2 milioni hizo, na kama mnunuzi amekopa benki, atazilipia riba pia.

Maneno hayo ya pili ndiyo msingi wa kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 2, inayohusu mali ghalani. Mnunuzi ayadai. Muuzaji naye asikubali "bei ya soko" bila kutaja ni soko gani, la jumla mjini au la rejareja kijijini.

Hata "bei ya kununulia" ina mtego. Duka lilinunua mifuko 50 kwa Sh80,000, baadaye mingine 50 kwa Sh95,000. Imeuzwa 60, imebaki 40. Ukihesabu kuwa iliyoingia kwanza ndiyo iliyotoka kwanza, iliyobaki ni ya Sh3.8 milioni. Kwa wastani ni Sh3.5 milioni. Ukihesabu kuwa ya mwisho kuingia ndiyo ilianza kutoka, ni Sh3.2 milioni. Njia hii ya mwisho ilifutwa katika kanuni za kimataifa kuanzia mwaka 2005, ingawa Marekani bado inaruhusiwa. Andikeni njia moja kwa jina, na ankara za manunuzi ziambatanishwe.

Maneno mengine ya kuogopa ni "kwa utaratibu uliozoeleka wa kampuni". Yanasikika ya haki, lakini kama muuzaji hakuwahi kuondoa kwenye vitabu dawa zilizokwisha muda, mnunuzi amekubali kuzilipia. Hata wakubwa yamewakuta. Westinghouse ya Marekani ilipochukua biashara ya ujenzi wa mitambo ya nyuklia ya Chicago Bridge & Iron mwaka 2015, ilidai baadaye kwamba hesabu za muuzaji hazikufuata kanuni, na kwamba inastahili zaidi ya dola bilioni 2. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo la Delaware iliikatalia: marekebisho ya bei yaliyoandikwa kwenye mkataba yalihusu mabadiliko ya kati ya kusaini na kukabidhiana tu, kwa utaratibu uleule wa zamani. Kama Westinghouse yenye mawakili wake haikusalimika, mwenye duka la Makambako ana kila sababu ya kusoma polepole.

Kwa duka la pembejeo, orodha ya visivyolipiwa ni muhimu kuliko yote. Viuatilifu vilivyokwisha muda haviuziki, na kuviteketeza kwa utaratibu kunagharimu fedha. Mbegu iliyopita msimu huenda isiote. Mifuko iliyoganda kwa unyevu nayo iwe na bei yake. Kisha uliza kuhusu mali kauli, yaani bidhaa alizoachiwa muuzaji alipe akishauza. Hizo si zake kukuuzia, na mwenyewe atakuja kuzidai kwako.

Siku ya kuhesabu iwe ile ya makabidhiano, duka likiwa limefungwa, pande zote mbili zikiwepo na kusaini kila karatasi. Orodha ya wiki mbili nyuma haifai, hasa msimu wa kupanda ambapo rafu hubadilika kila siku. Andikeni pia kama bei ina kodi ya ongezeko la thamani au la.

Mkishindwa kuelewana, nani ataamua? Tajeni mapema mhasibu aliyesajiliwa asiyefungamana na upande wowote, siku atakazopewa, na nani atamlipa. Sehemu ya fedha ishikiliwe na wakili hadi hesabu ikamilike. Na kama mkataba umeandikwa kwa Kiingereza msichokimudu, ombeni nakala ya Kiswahili, mkubaliane ni ipi itakayotawala.