Jina Moja, Babu Wawili: Tulivyotafuta Nasaba kati ya Mbeya na Iringa

Mwezi wa Shaaban mwaka juzi, kamati ya msikiti wetu hapa jijini Mbeya ililetewa jambo ambalo halikuwamo katika ajenda. Kijana mmoja wa jamaa zetu alikuwa ameposa binti wa Iringa. Posa ilikwishapokelewa, mahari ilikwishatajwa, na taarifa ya kusudio la ndoa ilikwishatolewa, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka itangulie kwa siku 21. Ndipo mshenga aliporudi kutoka Iringa na ujumbe mfupi wa wazee wa upande wa binti: "Hatumwozi dada kwa kaka yake."

Sababu yao ilikuwa jina. Kijana na binti walikuwa na jina moja la ukoo, lenye herufi zile zile. Jina lenyewe tunalihifadhi, kwani familia zote mbili bado zipo na zinaheshimika.

Wasomaji wetu wanaojua fiqhi watasema jambo hilo lilikuwa jepesi. Aya ya 23 ya Suratun-Nisaa imewataja wanawake walio haramu kuolewa, na binti wa ami hayumo. Hata kama wawili hao wangekuwa wajukuu wa babu mmoja, ndoa yao ingesihi. Lakini kwa desturi za makabila mengi ya Nyanda za Juu Kusini, watu wa ukoo mmoja hawaoani, na wazee wa Iringa walikuwa wameyabeba hayo kutoka kwa wazazi wao. Baadhi yetu tulitaka kuwaandikia waraka wa hoja. Imamu wetu alikataa. Alisema kwamba walii hashindwi kwa waraka, bali huridhishwa kwa ukweli, na tena lipo jambo ambalo sheria yenyewe inatulazimu kuliuliza: je, hakuna aliyenyonyeshwa na mama wa mwenzake au bibi wa mwenzake? Basi tukaamua kutafuta.

Majina yetu yametoka wapi

Tulianza kazi tukidhani kwamba jina la ukoo ni kamba ambayo ukiivuta utamfikia babu. Haikupita wiki tukagundua kwamba katika mikoa hii miwili kamba hizo ni za aina nyingi.

Zipo zinazoanza kwa "Mwa", kama Mwakyusa, Mwaipopo na Mwambene, ambazo zimejaa Rungwe na Kyela. "Mwa" hiyo humaanisha mtoto au mzao wa fulani. Hata Iringa ipo: mtawala wa Wahehe tunayemjua kwa jina la Mkwawa alikuwa Mwamuyinga, yaani mzao wa Muyinga, na baba yake ni Munyigumba. Jina la Mkwawa lilikuwa lake mwenyewe, ufupisho wa Mkwavinyika. Baada ya kifo chake mwaka 1898 ndipo likawa jina la ukoo kwa watoto na wajukuu. Mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi, alibeba katika majina yake matatu nasaba iliyonyooka: yeye, baba yake na babu yake. Lakini Mkwawa alikuwa na ndugu, na nduguye Mpangile alinyongwa na Wajerumani mwaka 1897. Mzao wa Mpangile na mzao wa Mkwawa ni damu moja ya Munyigumba, ingawa jina la Mkwawa halikupita katika mstari wa Mpangile.

Yapo pia majina yaliyohama pamoja na watawala. Merere wa Usangu alipobanwa na Wahehe katika karne ya 19 aliiacha nchi yake, akajenga Utengule ya Usongwe, jirani na Mbalizi ya leo, na katika miaka ya 1890 watu wake wakarejea Usangu. Ndiyo maana zipo Utengule mbili.

Yapo majina ya asili ya mbali, kama Baluchi, yanayosikika Rujewa na Iringa. Hao ni kizazi cha watu wa Baluchistan. Mababu wa wengi wao walikuja Zanzibar kama askari wa masultani wa Oman, kisha baadhi yao wakaingia bara. Wawili wanaoitwa Baluchi wanaweza kuwa na asili moja bila kuwa na babu mmoja.

Na mwisho yapo majina yaliyotutaabisha kuliko yote: Juma, Omari, Athumani, Ramadhani. Hayo ni majina ya watu yanayotumika kama ya ukoo, na hubadilika kila kizazi. Ndugu wawili wanaweza kuzaa watoto wasioshirikiana jina lolote, na akina Juma kumi katika daftari la msikiti wasiwe na uhusiano wowote.

Ilipopotea "Mwa"

Upande wa kijana haukuwa mgumu. Shangazi yake mkubwa, anayeishi Tukuyu, alitutajia babu sita mfululizo bila kusita. Alipofika kwa wa tatu alicheka. Alisema babu huyo alipokwenda kuandikishwa kibarua, karani alimuuliza jina, akalisikia nusu, akaandika nusu. "Mwa" ikabaki mlangoni. Mshahara ukawa unaitwa kwa jina lile fupi, kodi ikalipwa kwa jina lile, watoto wakaandikishwa shule kwa jina lile. Kufikia wajukuu, hakuna aliyekumbuka kwamba jina lilikatwa.

Tukapanda basi kwenda Iringa tukiwa na majina sita katika karatasi. Mzee wa upande wa binti, aliyekuwa amepita miaka 80, alitupokea nyumbani kwake upande wa Kilolo. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene." Hakutaka kusikia karatasi yetu kwanza. "Wanangu," alisema, "mkinisomea yenu, nami nitayavuta ya kwangu yafanane nayo. Andikeni ya kwangu, kisha tulinganishe." Tulijifunza kwake kanuni ambayo tunaifuata hadi leo.

Alitaja babu saba. Hakuna hata mmoja aliyelingana na wale wa Tukuyu, wala kijiji, wala kabila, wala mwiko wa chakula ambao kila ukoo wa Kihehe unao. Kuhusu kunyonyeshana, akina mama wa pande zote mbili waliulizwa na akina mama wenzao, na halikuonekana lolote. Mzee akasema, "Basi huyu si mwanangu. Amevaa tu shati linalofanana na langu." Ndoa ikafungwa mwezi wa Shawwal, na yeye mwenyewe akawa miongoni mwa mashahidi.

Aliyekwenda Lupa

Jambo hilo lingeishia hapo kama mzee asingeongeza neno alipokuwa akitutajia nasaba. Alipomtaja babu yake, alisema alikuwa na wana wawili. Mmoja ni baba yake. Wa pili aliondoka katika miaka ya 1930 kwenda kuchimba dhahabu Lupa, upande wa Chunya, na hakurudi. Miaka hiyo Lupa ilikuwa imewavuta maelfu ya vibarua kutoka kila pembe, na mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927 wakati wa pilikapilika hizo. Familia ilimngoja, kisha ikamhesabu kuwa amekufa. Tuliandika pamoja na jina la mama yao, na kwamba ukoo wao hauli nyama ya pongo.

Tuliporudi tuliwasomea wanakamati na jamaa taarifa hiyo baada ya swala ya Ijumaa. Kabla hatujafunga daftari alikuja mtoto kutoka upande wa akina mama. Alitumwa na bibi mmoja mkongwe, ambaye watoto wa kaka zake wote huitwa Juma. "Bibi anasema, katibu alisome tena lile jina la mama yao."

Tulilisoma tena. Lilikuwa jina ambalo baba yake alikuwa akimwita yeye peke yake nyumbani, kwa kuwa alimpa jina la mama yake. Majirani walimjua kwa jina lake la Kiislamu. Baba huyo alikuwa mchimbaji wa Chunya, akasilimu huko huko, akaitwa Juma, na akaacha kulitaja jina la kwao. Bibi alikumbuka kwamba baba yake hakula pongo maishani mwake, na kwamba wao watoto walidhani ni katazo la dini.

Kwa hiyo kijana mwenye jina la ukoo hakuwa ndugu, na familia ya akina Juma, iliyokuwa ikiswali katika safu zetu miaka yote bila jina hilo, ndiyo iliyokuwa ya ukoo ule.

Bibi na mzee walizungumza kwa simu mara mbili. Mara ya kwanza mzee alimwita kwa jina lile, na bibi hakuweza kuendelea. Safari ya kukutana ilipangwa iwe baada ya mavuno. Mzee alifariki wiki mbili kabla. Akina Juma walifika Iringa kwenye hitma, wakakaa upande wa wafiwa.

Anayesilimu asilitupe jina

Kisa hiki kimetufanya tujitazame sisi viongozi wa misikiti. Mara ngapi mtu amesilimu mbele yetu, tukamwandikia jina jipya, na la baba yake tukaliacha kana kwamba ni sehemu ya ukafiri? Omar alibaki bin al-Khattab, na Khalid alibaki bin al-Walid, Allah awe radhi nao, ingawa baba zao hawakuwa Waislamu. Aya ya 5 ya Suratul-Ahzab inatuamuru kuwanasibisha watu na baba zao. Na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Hakusema tujifunze ili tujivune au kuwatia wengine ila.

Mirathi nayo imo humu. Tuseme mtu amefariki, hana mke wala wazazi, ameacha binti mmoja tu na mtoto wa kiume wa kaka yake. Binti hupata nusu, na nusu iliyobaki ni ya huyo mtoto wa kaka kwa uasaba. Asipojulikana, kikao cha ukoo hukaa, muhtasari huandikwa na kupelekwa mahakamani, msimamizi huteuliwa, na haki ya mtu huliwa na watu wanaodhani wamefanya uadilifu.

Daftari letu

Tangu wakati huo msikiti wetu una daftari la nasaba. Kila familia huandika majina ya mababu kadiri inavyoyajua, kwa "bin" na "binti", pamoja na ya akina mama, kwani ni jina la mama lililotufikisha Kilolo. Huandika kijiji cha asili, jina la kabla ya kusilimu, na namna jina lilivyoandikwa zamani kabla halijakatwa. Huandika mwiko wa ukoo, ili watoto wajue kwamba hiyo ni desturi wala si sheria ya dini. Huandika pia nani alimnyonyesha mtoto asiye wake, maana kwa madhehebu yetu ya Shafii manyonyesho matano ndani ya miaka miwili yanatosha kuharamisha ndoa, na hayo hayaonekani katika jina lolote. Penye shaka huandikwa kwamba pana shaka. Daftari hukaa na imamu, na hafunguliwi mtu ila kwa haja.

Tunaziomba familia zinazosoma ukurasa huu zisingoje kamati. Jioni ya leo mkeni na kalamu, mkae karibu na babu au bibi aliyebaki, mmwache aseme ya kwake kwanza. Allah awarehemu waliotangulia, na awape afya wale ambao bado tunaweza kuwauliza. Amin.