Ngoro ndani ya Kompyuta

Katika miteremko ya Umatengo, wilayani Mbinga, mkulima huligawa shamba moja kuwa mashimo mengi yenye kingo, yaitwayo ngoro. Kila shimo huzuia maji na udongo wake. Mvua ikizidi, shamba haliporomoki lote bondeni.

Seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, yaweza kugawanywa vivyo hivyo. Programu msimamizi huipa kila kompyuta pepe sehemu ya kumbukumbu na zamu ya kutumia kichakataji. Moja ikikwama, nyingine huendelea na kazi. IBM ilitangaza mfumo wa aina hii, VM/370, mwaka 1972; KVM, unaopatikana bure, uliingizwa katika Linux mwaka 2007.

Hata ruta, chombo kinachoelekeza mawasiliano, yaweza kuwa mojawapo ya kompyuta hizo. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilitoa hadharani maandishi ya programu ya ruta yake WRT54G, kwa kuwa leseni ya Linux iliyomo ilidai hivyo. Kutokana nayo ilizaliwa OpenWrt mwaka 2004, ambayo leo huendeshwa pia ndani ya kompyuta ya kawaida. Basi shule iliyoko Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, ikiwa na mashine moja tu, yaweza kuweka humo maktaba, daftari la alama na ruta, kila kimoja katika shimo lake. Intaneti ikikatika, maktaba bado husomeka darasani.

Hapa, hata hivyo, mfano wa ngoro hufikia kikomo. Umeme ukizimika, au diski ikiharibika, mashimo yote hukauka kwa pamoja. Ndiyo maana nakala ya daftari la alama hutunzwa nje ya mashine hiyo.