Usingizi wa Usiku wa Kwanza

Amitriptilini, dawa ya sonona iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1961, humlaza mtu mwenye wasiwasi usiku ule ule anapoimeza. Hapo ndipo inapopotosha. Usingizi huo unaletwa na kuzuiwa kwa histamini, kemikali inayouweka ubongo macho, na kidonge kimoja cha miligramu 25 mara nyingi kinatosha. Kutuliza wasiwasi wenyewe ni kazi nyingine: huchukua wiki kadhaa, na kwa kawaida huhitaji dozi kubwa zaidi. Mgonjwa akilala siku tatu mfululizo hujiona kapona, akaacha, na hofu ikarudi ilivyokuwa. Fluoksetini na setralini, dawa nyingine za sonona zenye ushahidi wa kutosha zaidi dhidi ya wasiwasi, huanza kinyume: wiki za mwanzo zinaweza hata kumkosesha mtu usingizi, naye akaitupa dawa kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo usiku wa kwanza ni kipimo kibovu cha dawa hizi zote.

Mtu atasema: pale Katoro au Kahama, kwenye ukanda wa dhahabu wa Tanzania, ambako mshauri wa kisaikolojia ni adimu, si afadhali kidonge cha bei nafuu? Ni afadhali, na sioni sababu ya kumnyima mgonjwa. Ila amitriptilini hubaki mwilini hadi kesho yake, na mchimbaji anayeshuka duarani, yaani shimo la dhahabu, kwa kamba akiwa na usingizi machoni anahatarisha shingo yake. Tena ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo anayeonekana kukata tamaa apewe vidonge vichache kwa wakati mmoja.

Lakini ukanda huu wa dhahabu una jambo zito zaidi. Mvuke wa zebaki, ile inayochomwa ili dhahabu ibaki, huleta kukosa usingizi, woga, hasira za ghafla na kutetemeka mikono. Uchunguzi uliofanyika Rwamgasa, Geita, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa ulikuta dalili za sumu hiyo kwa wachomaji. Mganga asiyemuuliza mgonjwa kazi yake ataandika “wasiwasi” na kumpa dawa ya kulala. Mgonjwa atalala kweli, huku akiendelea kuchoma ndani ya nyumba anamolala na watoto. Kwa huyo, cha kwanza ni kuhamisha moto nje, mbali na watu, na kumtoa kwenye kazi hiyo. Kama maabara ipo, apimwe mkojo.